Oili ya haidroliki kwenye Massey Ferguson 135: kupima, kumwaga na kujaza upya

MF 135 na trekta za ukoo wake, kama 165, hazina tangi la haidroliki linalojitegemea. Oili moja, takribani lita 30, inalainisha giaboksi na difu, na hiyohiyo ndiyo pampu inayoivuta kunyanyua plau. Kipande cha chuma kilichomeguka kwenye gia kitaishia pampuni, na maji yaliyoingilia juu kwenye giaboksi yatafika kwenye beringi za difu. Mikono ya kunyanyulia ikianza kulegea, wengi hukimbilia kufungua pampu. Anza na oili, maana kuikagua hakuna gharama na mara nyingi tatizo liko hapo.

Kupima kiwango

1. Egesha trekta mahali tambarare. Shusha zana hadi ilale ardhini. Kama umeunganisha tela la kubinua, shusha bodi yake yote, kwa sababu silinda iliyonyooka imebeba lita kadhaa ambazo stiki ya kupimia oili haitazionyesha.

2. Zima injini na usubiri dakika 15 ili oili iliyorushwa na gia ishuke.

3. Stiki ya 135 iko upande wa kulia, kwenye kifuniko cha pembeni chini ya kiti. Kabla ya kuichomoa, safisha udongo wote unaoizunguka. Mchanga unaoangukia hapo unaangukia karibu kabisa na pampu.

4. Chomoa, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, rudisha hadi mwisho, kisha chomoa tena na usome. Oili iwe kati ya alama mbili, ikikaribia ya juu.

Usizidishe. Oili iliyopita kiasi hutoa povu na kupenya sili (pete za kuzuia uvujaji), ikaingia kwenye klachi kwa mbele au kwenye breki kwa kufuata ekseli. Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu dogo lenye pini. Likidondosha oili, jua kuna sili iliyochoka ndani.

Kuisoma oili

Kiwango kinaweza kuwa sawa huku oili yenyewe imekufa. Chota kidogo, weka kwenye chupa angavu na iache usiku kucha. Oili nzima hubaki angavu hata ikiwa imekolea rangi. Yenye maji huwa kama chai ya maziwa, na asubuhi unaweza kuona maji yamejitenga chini. Kama una shaka, dondosha tone moja kwenye bati la moto, ukikaa mbali kidogo: likichachatika na kurusha, lina maji.

Maji haya yanaingiaje? Mara nyingi ni mpira unaofunika shina la wenzo wa gia. Ukipasuka, mvua inateremka kwenye wenzo moja kwa moja hadi ndani. Trekta inayolala nje masika nzima ikiwa na mpira mbovu inaweza kuingiza maji mengi bila mtu kujua. Njia nyingine ni kifuniko cha kujazia kilicholegea, stiki isiyobana, na kuosha trekta kwa mashine ya presha ukielekeza maji kwenye sili. Kubadilisha oili bila kubadilisha mpira huo ni kutupa pesa, na mpira wenyewe bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na lita 30 za oili.

Harufu ya kuungua inaonyesha oili ilipata joto kupita kiasi. Unga laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Chembe za rangi ya dhahabu zinatoka kwenye bushi za shaba, na vipande vinavyonaswa na sumaku vyenye kingo kali ni meno ya gia: hapo simamisha kazi umwite fundi.

Oili ipi

Nunua oili ya trekta inayofaa giaboksi, difu na haidroliki kwa pamoja, iliyoandikwa UTTO kwenye kopo, daraja la 10W-30, yenye viwango vya Massey Ferguson kama M1135 au M1143. Oili nzito ya difu, EP 90, isitumike: ni nzito mno kwa pampu kuivuta asubuhi ya baridi, na dawa zake nyingine hula shaba. Haidroliki namba 68 nayo inanyanyua vizuri lakini haina kinga ya kutosha kwa meno ya gia. Usichanganye mabaki ya makopo tofauti.

Kumwaga na kujaza

Badilisha kila baada ya saa 750 hadi 1000 za kazi, au mara moja kwa mwaka, lolote litakalotangulia. Fanya kazi hii trekta ikiwa imetoka shambani, oili ikiwa na uvuguvugu lakini si ya kuunguza. Kama ina maji, fanya kinyume: iache usiku kucha, kisha legeza plagi taratibu asubuhi, maji yatatangulia kutoka.

Plagi za kumwagia si moja. Tafuta chini ya giaboksi, chini ya sehemu ya kati yenye pampu, na chini ya difu. Ukifungua moja tu, tope linabaki kwenye mashimo mengine na oili mpya inachafuka siku ileile. Kinga yote kwenye vyombo, isimwagike shambani wala karibu na kisima.

Ukiwa umemaliza kumwaga, fungua kifuniko cha pembeni, futa tope la chini kwa mkono, na osha kwa dizeli chujio la waya la pampu kama linafikika. Kausha kabisa. Funga kwa gasketi mpya. Usisuuze ndani kwa mafuta ya taa au dizeli, kwa sababu hubaki kwenye kona na kuifanya oili mpya kuwa nyepesi. Oili iliyokuwa ya maziwa hutolewa vizuri zaidi kwa kubadilisha mara mbili: jaza, fanya kazi siku chache, mwaga tena.

Jaza lita 25 kwanza kupitia faneli yenye chujio. Washa, nyanyua na kushusha mikono mara kumi bila mzigo, zima, subiri, pima, kisha ongeza kidogo kidogo.

Bado hainyanyui?

Pampu inalia na kunyanyua kwa kusitasita: oili pungufu au chujio limeziba. Zana inanyanyuka vizuri lakini inacheza juu na chini injini ikiwa imewashwa: presha inavuja ndani, mara nyingi kwenye pete za pistoni ya kunyanyulia au valvu za pampu. Hilo halitibiwi kwa oili nzito zaidi. Ukitafuta uvujaji kwenye bomba la mpira lenye presha, pitisha kipande cha kadibodi, kamwe si kidole: oili yenye presha hupenya ngozi, na jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali hata kama tundu ni dogo kama la sindano.