SOMO: Okidi kwenye vyungu vya kuning'iniza vya kujitengenezea

Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hapa. Nazungumzia Phalaenopsis, ile ya maua kama kipepeo.

1. Kata dumu la lita 5, tumia nusu ya chini.

2. Toboa kwa msumari wa moto, chini na ubavuni. Usione huruma.

3. Funga waya pande tatu, zikutane juu.

4. Kujaza. Wengi wanaziulia hapa. Kwao okidi hii inakaa juu ya miti, mizizi yake inataka hewa, kwa hiyo udongo HAPANA, hata ule mweusi wa mbolea. Weka mkaa uliovunjwa saizi ya kidole gumba, na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, nusu kwa nusu. Makumbi yaloweke kwanza siku mbili, ukibadilisha maji yanapokuwa rangi ya chai, maana yana chumvi. Vumbi la makumbi litupe, linaziba. Usishindilie. Mkaa uliodondokewa na mafuta ya mishkaki usiulete.

5. Ning'iniza barazani, penye jua la asubuhi tu.

6. Mizizi ikiwa kijivu, mwagilia. Ikiwa kijani, iache. Maji yasituame katikati ya majani. Masika isogeze chini ya paa.

MASWALI

– Mkuu, nikichanganya udongo kidogo?
– Namba 4.
– Kidogo tu lakini.
– Namba 4.

– Nimefuata yote, imekufa.
– Weka picha.
– Hiyo hapo.
– Huo uliofunika mkaa ni nini kama si udongo?

– Samahani mtaalamu, huku kwetu Mbezi maji ya kisima yana chumvi, ncha za majani zinaungua. Nifanyeje?
– Swali zuri dada. Kinga maji ya mvua, funika ndoo usifuge mbu. Na kile kisima usikitumie kabisa, chumvi inajikusanya kwenye makumbi.
– Mie nakinga ya kiyoyozi.
– Hayo pia hayana chumvi. Ya mimea tu, usinywe.

– Shemeji yuko Makete, anileteye za Kitulo?
– Usithubutu. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Halafu nyingi za kule zinaota ardhini, kwenye baridi ya mita 2,600. Joto la Dar litaziua tu.

– Kifuu badala ya dumu?
– Kwa mche mdogo, safi sana. Toboa macho yote matatu, lile laini peke yake halitoshi kuchuja maji.