Tofali za kuchoma na saruji nyekundu: jinsi ya kubadilisha kuta na sakafu za nyumba yako Second Life

Ukuta wa Second Life, ule ulimwengu wa kompyuta ambamo watu hujenga na kupamba nyumba zao, ukionekana wa bandia, mara nyingi kosa haliko kwenye picha iliyobandikwa juu yake. Liko kwenye kipimo: tofali limekuwa kubwa kama sanduku la bia. Kwa hiyo kabla hujawasha kompyuta, jiulize swali moja: picha hii inafunika mita ngapi za ukuta halisi? Ukishalijua jibu, kinachobaki ni kugawanya tu.

Mfano wetu ni ukuta wa tofali za kuchoma na sakafu ya saruji nyekundu, vitu ambavyo kuanzia Iringa mpaka Tukuyu huhitaji kuvitafuta mbali.

Hatua ya 1: Kagua ruhusa ya nyumba

Bofya ukuta kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Edit", kisha fungua "General". Ikiandikwa kwamba unaweza kurekebisha kitu hicho, endelea. Ikiandikwa kinyume, usipoteze muda kutafuta ujanja. Nyumba za Linden Home (zinazotolewa na Linden Lab, kampuni yenye Second Life), kwa mfano, huwezi kuzibandika picha zako moja kwa moja. Dawa yake ni kuunda primu (umbo la msingi la kujengea) ya boksi yenye unene wa mita 0.01, ambayo ndiyo ndogo kabisa inayokubalika, na kuisimamisha mbele ya ukuta uliopo. Acha nafasi ya sentimita 1 au 2 kati yake na ukuta. Zikigusana kwenye usawa mmoja, nyuso mbili zitagombania kuonekana na ukuta utakuwa unametameta kila ukisogeza kamera. Kila boksi la hivyo hutumia nafasi kwenye hesabu ya vitu vya kiwanja chako, kwa hiyo funika kuta zinazoonekana tu.

Nyumba ikiwa inaruhusu kunakiliwa, weka nakala yake kwenye "Inventory" (ghala la vitu vyako) kabla ya kugusa chochote. Ctrl+Z ya kutengua inasaidia, lakini si ya kuitegemea kwa kazi ya siku nzima.

Hatua ya 2: Piga picha ya ukuta

Siku ya mawingu ndiyo siku yako. Jua la mchana la Juni au Julai huacha kivuli kikali chini ya kila tofali, na kivuli hicho utakibeba mpaka ndani ya chumba chenye taa inayotoka upande mwingine. Asubuhi ya ukungu mwepesi inafaa sana, ilimradi ukuta usiwe umelowa.

Kama nyumba si yenu, piga hodi kwanza. "Shikamoo mama, naomba kupiga picha ukuta wako, hizi tofali zimenivutia" inatosha. Simu iliyoelekezwa kwenye nyumba ya mtu bila salamu huleta maneno.

Simama ukiutazama ukuta kwa usawa, simu ikiwa wima kabisa. Epuka kozi (safu za tofali) za chini zinazorushiwa matope na mvua, kwa sababu doa moja la tope likijirudia mara 5 kila mgeni ataliona. Kisha chukua futi ya fundi upime. Tofali za kuchoma hazina kipimo kimoja, kila tanuru na kalibu yake. Tuseme tofali moja pamoja na kiungo chake (udongo ulio kati yake na tofali la pili) limetoa sentimita 25, na kozi moja sentimita 12.5. Hapo kipande cha mita 2 kwa 2 kitakuwa na tofali 8 kwa upana na kozi 16 kwa kimo.

Idadi ya kozi lazima igawanyike kwa 2. Ukikata kozi 15, picha zitakapopangwa moja juu ya nyingine, kozi mbili zinazofanana zitakutana na viungo vya wima vitasimama kwenye mstari mmoja. Fundi yeyote wa Mwanjelwa, Mbeya, atakucheka.

Hatua ya 3: Safisha ndani ya GIMP

GIMP ni programu ya kompyuta ya kuhariri picha. Nyoosha picha kwa Shift+P, kisha kata kwa Shift+C, ukikata katikati ya viungo pande zote nne. Punguza iwe pikseli 512 kwa 512. Second Life inataka vipimo kama 256, 512 au 1024. Ukileta vingine, programu inavibadilisha yenyewe na mistari inapoteza ukali. Picha ya 1024 inakula kumbukumbu mara 4 ya ile ya 512, na kwa mtu anayetumia bando la simu, huo ni ukuta unaobaki wa kijivu muda mrefu kila anapoingia.

Sasa bonyeza Shift+Ctrl+O, sogeza picha kwa nusu ya upana na nusu ya kimo. Kingo zilizokuwa nje zitakuja katikati kama msalaba. Zifute kwa zana ya kunakili (herufi C), ukichukua udongo wa kiungo kingine, usichukue uso wa tofali. Filta ya kuunganisha kingo yenyewe ipo, ila kwenye tofali inaleta mizimu ya tofali juu ya tofali. Iache kwa nyasi na mchanga.

Mwisho, ondoa tabaka la uwazi: "Layer", "Transparency", "Remove Alpha Channel". Ukilisahau, ukuta unaweza kuonekana mbele ya dirisha au nywele za avata (mwili wa mtu ndani ya Second Life). Hifadhi kama PNG.

Hatua ya 4: Jaribu kabla ya kulipa

Kupandisha picha ya mpaka 1024 kwa kawaida ni L$10 (dola za Linden, fedha ya Second Life). Si nyingi, lakini picha sita za kubahatisha ni L$60. Kwenye dirisha la kuchagua picha, gusa "Local", ongeza faili lako, ulibandike. Utaliona wewe peke yako, na ukilirekebisha GIMP litabadilika ukutani lenyewe. Ukitoka, linapotea. Ukiridhika, pandisha kwa Ctrl+U.

Hatua ya 5: Ukuta

Chagua "Select Face", bofya uso mmoja, fungua "Texture". Ukuta wa mita 10 kwa 4, picha ya mita 2: ijirudie mlalo mara 5, wima mara 2. Uso mwembamba wa ukingoni, wenye mita 0.2, unapewa 0.1; ukiuacha na 5, tofali zitabanana mpaka ziwe mistari.

Avata wengi ni warefu kuliko sisi na kamera hukaa juu yao, kwa hiyo tofali halisi huonekana dogo. Ichukulie picha yako kama ya mita 2.5. Mlalo unakuwa 4, wima 1.6, na hiyo 1.6 itakata tofali juu na chini. Shusha ukuta uwe mita 3.75, wima uwe 1.5: kozi 24 kamili.

Kwenye nyumba za meshi (maumbo yaliyotengenezwa kwa programu za 3D), uso mmoja unaweza kuwa kuta zote za chumba. Badili "Mapping" iwe "Planar", weka "Repeats per meter" 0.4, washa "Align planar faces". Ujue pia kwamba vivuli vya kona mara nyingi vimechorwa ndani ya picha ya asili. Ukiibadilisha, vinaondoka nayo.

Hatua ya 6: Sakafu

Huhitaji picha ya saruji nyekundu. Chukua ya kijivu iliyo safi, kisha kwenye rangi weka 150, 60, 45 (nyekundu, kijani, bluu). Rangi huzidishwa juu ya picha, kwa hiyo inaweza kuitia giza, haiwezi kuing'arisha. Anza na kijivu cheupe. Mng'ao wa sakafu iliyosuguliwa unatokana na "Shininess" ya chini. Ukitumia PBR (mfumo mpya wa kuonyesha mng'ao wa nyuso), anza na "Roughness" 0.4, na ujaze pia sehemu ya zamani ya Blinn-Phong kwa ajili ya wenye programu za zamani.

Ukipendelea mbao za paina kama zile za Mafinga, zilaze kufuata upande mrefu wa chumba. Ukizungusha picha kwa nyuzi 90, badilishana namba za mlalo na wima, la sivyo ubao utatoka mfupi na mnene.