Kuunga panorama kwa lenzi mbili: mji wa Lamu kutoka ng'ambo ya Manda

Ukisimama gatini kwenye kisiwa cha Manda ukautazama mji wa Lamu, lenzi ya milimita 18 inauchukua wote kwa picha mbili tatu, lakini majumba yanakuwa madogo hata madirisha huyaoni. Lenzi ya 50 inayatoa madirisha vizuri, ila mbingu na maji utavipata kwa picha chungu nzima. Mimi huchanganya: mbingu na maji kwa 18, ukanda wa majumba kwa 50, halafu naziunga zote kwa Hugin ziwe panorama, yaani picha moja pana. Programu hiyo ni ya bure, na iko ya Windows, Mac na Linux.

Hatua ya 1: Kupiga

Vuka asubuhi. Mji unatazama mashariki, kwa hiyo jua linaupiga usoni na wewe umelipa mgongo. Maji yakijaa ni bora zaidi, kwani yakipwa vyombo hukaa kwenye tope.

Weka stendi juu ya kitu kisichotikisika. Usijaribu kupiga ukiwa ndani ya mashua: kila picha itatoka mahali pengine, na hapo hakuna programu itakayokuokoa. Mwangaza, fokasi na rangi viweke kwa mkono, visibadilike toka picha ya kwanza hadi ya mwisho. Tundu la f/8 linatosha kwa lenzi zote mbili. Anza na 18, kisha 50, kila picha ipandane na jirani yake kwa thuluthi hivi. Fanya haraka, majahazi hayakungoji. Ukibadilisha lenzi, upe upepo mgongo. Chumvi na mchanga wa pwani ni adui wa sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga.

Kwa umbali huu, mahali kamera inapozungukia hapana shida. Shida iko ukipiga mjini kwenye uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome, ambako shina la mti liko karibu na ukuta uko mbali. Hapo lazima kamera izunguke kwenye nukta ya lenzi yenyewe, na kila lenzi ina yake. Linganisha kitu cha karibu na cha mbali vikae mstari mmoja, geuza kamera kushoto na kulia; vikiachana, isogeze kamera mbele au nyuma kwenye reli ya stendi mpaka vitulie.

Hatua ya 2: Kila lenzi na namba yake

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Toka kwenye mwonekano rahisi wa Hugin, uende ule wa juu (Advanced), ufungue orodha ya picha. Picha zote za 18 ziwe lenzi namba 0, za 50 ziwe namba 1. Zikiwa na namba moja, programu itazikokotoa kama zina pembe moja ya mtazamo na upindaji mmoja wa mistari, na mapaa hayatakutana asilani. Kama lenzi ni ya zamani na haiandiki chochote kwenye faili, jaza mwenyewe urefu wa fokasi na kizidishio cha sensa: 1.5 kwa Nikon za sensa ndogo, 1.6 kwa Canon, 1 kwa sensa kamili.

Hatua ya 3: Nukta za pamoja

Nukta za pamoja ni sehemu zinazoonekana kwenye picha mbili jirani. Iache cpfind, chombo cha Hugin cha kuzitafuta, itafute yenyewe, kisha wewe uikague kazi yake. Futa kila nukta iliyokaa kwenye maji, wingu au tanga. Kati ya picha ya 18 na ya 50 ukubwa unatofautiana karibu mara tatu, kwa hiyo huenda isipate kitu. Weka kwa mkono nukta tano sita kwa kila jozi: pembe ya dirisha, ncha ya mnara, mahali ukuta unapokutana na paa. Zitawanye, zisirundikane pamoja.

Hatua ya 4: Kukokotoa

Chagua picha moja ya 18 iliyo katikati iwe nanga. Kokotoa kwanza mikao peke yake. Kisha nenda kwenye uchaguzi wa mkono: pembe ya mtazamo, yaani v, ya lenzi 0 iache kama ilivyo, uifungue ya lenzi 1. Zote mbili zikiwa huru, kwenye panorama isiyozunguka duara zima huweza kukimbia pamoja na kukupa namba za ajabu. Mwisho fungua b, ya upindaji, kwa lenzi zote mbili. Wastani wa kosa ukiwa chini ya pikseli 3, endelea. Ukizidi, tazama nukta zenye kosa kubwa, mara nyingi utakuta ni mlingoti wa chombo kilichosogea. Baada ya hapo kokotoa na mwangaza, maana 18 hutia giza pembeni kuliko 50.

Hatua ya 5: Barakoa na kutoa faili

Enblend, chombo kinachochanganya picha kwenye mishono, haijui kwamba unaipenda zaidi picha ya 50. Kwenye picha za 18, funika ukanda wa majumba kwa barakoa ya kuondoa, yaani eneo unalolichora ili lisitumike, lakini acha ukingo mpana ili picha zipandane. Jahazi likitokea mara mbili, lifunike kwenye moja.

Ukubwa kamili wa 50 unaifanya picha moja ya 18 ya megapikseli 24 ivutwe hadi karibu 185. Kompyuta yenye kumbukumbu (RAM) ndogo italala, kwa hiyo mimi hutoa nusu ya upana. Hifadhi kama TIFF, ikuze mpaka asilimia 100, ufuate mishono yote ukitazama milingoti na nyaya. Mlingoti uliokatika unarekebishwa kwa kusogeza barakoa kidogo na kutoa upya.