Kichwa cha treni cha Tri-ang kikikataa kutembea

Ukipeleka kichwa cha treni ya kuchezea cha zamani kwa fundi hapa Mwanza, jibu la haraka ni "mota imeungua". Mara nyingi haijaungua. Mimi natengeneza cherehani na saa Makoroboi, na hivi vya Tri-ang kutoka Uingereza, vya miaka ya 1950 na 1960, hunijia vimekwama kwa grisi iliyoganda. Kukilazimisha kwa umeme ndiko kunakoiunguza.

Vua bodi, yaani ganda la juu, legeza skrubu inayoshika mota, uinyanyue itoke kwenye gia. Sukuma chasisi mezani kwa kidole. Ikiteleza vizuri, ugonjwa uko kwenye mota. Ikikaza mahali palepale kila mzunguko, tazama vyuma vinavyounganisha magurudumu. Gurudumu la kulia na la kushoto hupishana nyuzi 90, na ekseli zote zilizounganishwa lazima zilingane. Gurudumu moja likijizungusha kwenye ekseli yake, vyuma vinagombana. Grisi ngumu itoe kwa spiriti na kijiti cha meno, jino kwa jino.

Sasa mota. Tafadhali usichomoe sumaku wala rota, ile sehemu inayozunguka! Sumaku za enzi zile hupoteza nguvu zikiachanishwa na chuma chake, na mota hurudi dhaifu, inakula umeme na kuchemka. Kazi yote inafanyika kwa nje. Toa kaboni mbili, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye rota, zilizoisha badilisha. Futa shaba zinaposugua, kisha kwangua taratibu ile mifereji mitatu kati ya shaba hizo, maana vumbi la kaboni likijaa humo umeme unakatisha njia. Mguu mmoja wa springi ya kaboni umevalishwa kifuko kidogo cha plastiki. Kitunze: bila hicho ni shoti.

Rudisha mota, gia ziwe na nafasi ndogo ya kucheza. Tia tone moja la mafuta ya cherehani kila beringi, kwa ncha ya sindano, yasifike kwenye kaboni. Mafuta ya alizeti usiyaguse, yanaganda.

Kwa majaribio natumia betri ya pikipiki ya volti 12, na kwenye waya mmoja naunga taa ya indiketa. Taa ikiwaka kwa nguvu na mota imetulia, kuna shoti au bado imekwama, chomoa upesi. Ikififia huku mota inazunguka, iache dakika kumi mbele, kumi nyuma, kaboni zikae, ndipo urudishe bodi.