Anza na kozi, kombinesheni ifuate: somo kwa wazazi na wanafunzi wa S2 hadi S6 (mwaka wa pili hadi wa sita wa sekondari)

Majibu ya UCE, mtihani wa taifa wa mwisho wa S4, yakishatoka, mzazi anayefika ofisini kwetu hapa Tororo, Uganda, huwa na ombi moja mdomoni: "Mwalimu, huyu mumpe PCB," yaani kombinesheni (kundi la masomo ya S5 na S6) ya Fizikia, Kemia na Biolojia. Nikimuuliza mtoto anataka kusomea nini chuo kikuu, wote wawili wanatazamana. Nimeona vijana wenye akili nzuri wakikosa kozi waliyoipenda si kwa kufeli, bali kwa kupata alama kubwa kwenye somo lisilohesabiwa sana. Kwa hiyo tuanzie mwisho, turudi nyuma.

Hatua ya 1: Mwisho wa S2, angalia usichotakiwa kukiacha

Kwa mtaala ulioanza na S1 wa mwaka 2020, mtoto akifika S3 anabaki na masomo saba ya lazima: Kiingereza, Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia, Jiografia, na Historia pamoja na Elimu ya Siasa. Juu ya hayo anachagua moja au mawili ya hiari. Sayansi haikimbii, iko palepale. Kinachopotea kimyakimya ni yale ya hiari. Mtoto anayechora usiku kucha na anaota kuwa mbunifu, usimwachishe Sanaa kwa sababu jirani kasema haina kazi. Na anayependa Kiswahili asikiache. Ni somo la lazima S1 na S2 nchi nzima, walimu wake hawatoshi, na Makerere na Kyambogo zote zinaandaa walimu wa somo hili.

Jambo jingine: katika UCE hii mpya, ambayo watahiniwa wa kwanza waliifanya 2024, kazi za darasani zina asilimia 20 na mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, asilimia 80. Zile asilimia 20 zinakusanywa mapema. Anayesubiri S4 ndipo ajitume ameshaziachia.

Hatua ya 2: Chagua kozi mbili au tatu, usome masharti yake

Mlango wa digrii ni UCE na angalau "principal" mbili (ufaulu wa A hadi E) za UACE, mtihani wa mwisho wa S6, zilizopatikana katika kikao kimoja. Wengi wanasikia hilo wanatulia. Huo ni mlango tu. Kwenye vyuo vya umma watu wanapangwa kwa uzito wa alama, kuanzia wa juu kushuka, mpaka nafasi ziishe. Kila kozi ina orodha yake: masomo ya msingi, masomo yanayohusiana, na yale ya nyongeza. Udaktari unataka Biolojia na Kemia kwenye msingi. Uhandisi unataka Hisabati na Fizikia. Sheria pale Makerere ina mtihani wake wa kuingilia, kwa hiyo alama za UACE peke yake hazikufikishi. Nenda ofisi ya udahili ya chuo au kwenye tovuti yake, uchukue orodha ya mwaka huu. Usitegemee ya kaka yako.

Hatua ya 3: Piga hesabu kabla ya kujaza kombinesheni

Hapa ndipo naomba mkae na kalamu. Kwa utaratibu uliozoeleka, A ya UACE ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2, na O ni 1. Masomo mawili ya msingi yanazidishwa mara 3. Somo linalohusiana linazidishwa mara 2. GP (karatasi ya maarifa ya jumla) na Sub-Math au Sub-ICT (Hisabati au kompyuta ya ngazi ndogo), kila moja ukifaulu, ni pointi 1.

Chukua msichana wa PCB anayetaka udaktari. Biolojia B, Kemia B, Fizikia C. Anapata 15, 15 na 8, jumla 38. Ongeza GP na Sub-Math, anafika 40. Vyuo vya umma vinampa msichana pointi 1.5 za nyongeza, basi ana 41.5, kabla ya kuongeza kidogo kinachotoka kwenye UCE yake.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: Kemia iwe C, Fizikia iwe B. Herufi ni zilezile kwenye karatasi, B mbili na C moja. Lakini hesabu inakuwa 15, 12 na 10, yaani 37. Amepoteza pointi nzima bila kupunguza bidii hata kidogo. Kwenye kozi inayogombaniwa, watu huachana kwa nusu pointi. Kwa hiyo kijana wa S5 ajue ni masomo yapi mawili yanayobeba kozi yake, na saa za usiku aziweke huko. Na GP asiidharau. Ile pointi moja ni rahisi kuliko kupandisha Kemia kutoka C hadi B.

Kombinesheni nzuri ni ile inayofungua kozi zaidi ya moja unazoweza kuzipenda. PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) ikikunyima uhandisi bado inakupa takwimu, kompyuta, ualimu wa sayansi.

Hatua ya 4: Shughuli nje ya darasa

Niseme wazi, kwa nafasi za kawaida za vyuo vya umma hakuna anayekuuliza ulikuwa mwenyekiti wa klabu gani. Isipokuwa mwanamichezo: serikali ina nafasi zilizotengwa kwa wenye vipaji vya michezo, na nyingine kwa wenye ulemavu. Hao watunze vyeti vya mashindano.

Shughuli zinakuwa na uzito ukiomba ufadhili kama wa Mastercard Foundation pale Makerere, ambao unaangalia uongozi na utumishi kwa jamii, au ukiomba vyuo vya Marekani. Fomu ya Common App, inayotumika kuomba vyuo vingi vya huko, ina nafasi kumi za shughuli, lakini mbili ulizozishikilia miaka mitatu zinakubeba kuliko kumi ulizopita nazo haraka. Na kumwagilia bustani ya mama kila jioni au kuuza dukani nayo ni shughuli, iandike. Nunua daftari dogo: tarehe, ulichofanya, wangapi walihusika, sahihi ya mlezi wa klabu. Mlezi akihamishwa shule, bila sahihi huna ushahidi.

Hatua ya 5: Ada

Ukikosa ufadhili wa serikali kwa ushindani wa kitaifa, kuna nafasi za wilaya. Pia kuna mkopo wa HESFB, bodi ya mikopo ya wanafunzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Andaa vitambulisho na barua ya LC1 (mwenyekiti wa kijiji) mapema.

MASWALI YALIYOTUFIKIA

Mama wa S4, Busia: Mwalimu, binti anataka udaktari ila Kemia inamshinda. Nimlazimishe?

Mama, kaa naye kwanza. Kama Kemia inamshinda kwa sababu hajawahi kushika vifaa vya maabara, hilo linatibika S5 kwa mwalimu mzuri. Kama haipendi kabisa, msimlazimishe, maana itazidishwa mara tatu. Afya ina njia nyingi, na wapo wanaoanza na diploma kisha wakapanda hadi digrii.

Kijana wa S5, Jinja: Niko HEG (Historia, Uchumi, Jiografia), nimegundua nataka uhandisi.

Mdogo wangu, bila Hisabati na Fizikia za UACE mlango huo haufunguki. Kama muhula wa kwanza haujaisha, mwone mkuu wa taaluma kesho asubuhi. Kama umeisha, njia yako ni chuo cha ufundi: cheti, diploma, kisha digrii kwa diploma hiyo. Ni ndefu, lakini inafika.

Kaka kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale: Nilimaliza sekondari Kongo nikapata diploma ya serikali, yaani cheti cha mwisho wa sekondari. Nianze S5 upya?

Hapana kaka, usianze upya kabla ya kwenda UNEB wakalinganishe cheti chako na UACE. Peleka cheti halisi na tafsiri ya Kiingereza. Kwa ada, fuatilia tangazo la DAFI, ufadhili wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa, kwa wakimbizi.

Dada wa S6, Arua: Vyuo vingi vya Marekani vinafunga maombi Januari, na majibu ya UACE yanatoka baadaye. Nifanyeje?

Unaomba kwa ripoti za shule na makadirio ya walimu. Waombe barua za mapendekezo mwezi wa saba, kabla hawajazama kwenye maandalizi ya UNEB, na uwape lile daftari la shughuli waandike barua wakiliangalia.