SOMO: Herufi zisizotamkwa kwenye Kiingereza, tumalize ubishi wa debt, plumber, often na wenzake

Wadau habari za saa hizi. Kuna ubishi hauishi maofisini, kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka vijiwe vya mpira, huyu anasema "plamba" yule "plama", huyu anaitamka b ya debt mpaka inasikika nje ya mlango yule anasema "det", na kinachoniuma zaidi watu wanachekana hadharani mpaka mtu anaogopa kuongea kikaoni wakati pengine ndiye mwenye hoja kuliko wote. Mimi nafundisha Kiingereza watu wazima, hili jambo nalipenda sana, naomba nilieleze hatua kwa hatua halafu maswali nitajibu chini.

Kabla ya hatua yenyewe tuelewe tatizo linaanzia wapi. Kiswahili kila herufi unayoiona unaitamka, mtoto akishajua ba be bi bo bu anakusomea gazeti zima hata kama haelewi kilichoandikwa. Sasa Tanzania ukiingia form one masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, maneno mengi unakutana nayo kwenye ubao na kwenye kitabu kabla hujawahi kuyasikia kwa mtu, kwa hiyo unayasoma kama ulivyozoea kusoma lugha yako. Jicho limetangulia sikio. Sio ujinga na sio ushamba, ni mtu anafuata kanuni nzuri kwenye lugha ambayo haiifuati hiyo kanuni.

HATUA YA 1: Anza na maneno ambayo Kiswahili kilishayachukua.
Hapa ndio watu wanapitwa. Wazee wetu walikopa maneno mengi kwa kusikia sio kwa kusoma, kwa hiyo herufi bubu ziliachwa hukohuko. Angalia receipt, ina p katikati, lakini sisi tunasema risiti, na lile tangazo la TRA, mamlaka ya mapato Tanzania, "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" hakuna aliyewahi kuuliza p imeenda wapi. Sign tunasema saini, g haipo. Design ni dizaini, campaign ni kampeni. Cupboard ni kabati, p imekufa. Christmas ni Krismasi bila t ya kati. Pneumonia ni nimonia, psychology ni saikolojia, guest ni gesti, guitar ni gitaa. Yaani mtu ambaye hajakanyaga darasa la Kiingereza anakutamkia risiti vizuri kuliko mwenye digrii anayesema "risept".

Na inafanya kazi upande wa pili pia, pale herufi inapotamkwa kweli. Number kwetu ni namba, December ni Desemba, b ipo kwa sababu hata kwao ipo. Ila usiifanye sheria ya msahafu, biskuti tuna u inayosikika wakati wao wanasema "biskit". Ni pa kuanzia tu.

HATUA YA 2: Angalia mwanzo wa neno.
Hii ni rahisi, haina ubishi. Neno likianza na kn, k haitamkwi: knife ni "naif", knee ni "nii", know ni "nou". Likianza na wr, w haitamkwi: write, wrong, wrist. Ps na pn, p haitamkwi. Gn pia g inalala.

HATUA YA 3: Angalia katikati na mwisho.
Hapa tukae kidogo maana ndio kwenye vita.

Mb mwishoni mwa neno, b haitamkwi. Climb ni "klaim", thumb ni "tham", lamb ni "lam", tomb ni "tuum", comb ni "koum". Ukiongeza er kwenye kitenzi bado b inabaki bubu, climber ni "klaima", na plumber ni "plama". Huyo fundi bomba jina lake limetoka kwenye neno la Kilatini la madini ya risasi, plumbum, maana mabomba ya zamani yalikuwa ya risasi, ndio maana b ipo kwenye maandishi.

T ikikaa kati ya s na le au en haitamkwi: castle, whistle, listen, fasten. Sema "lisn", sio "listeni". Lakini faster t ipo, pastor t ipo, kwa hiyo angalia kinachofuata baada ya t sio t yenyewe.

L kabla ya k au f baada ya a inapotea, talk ni "tok", walk ni "wok", half ni "haaf". Milk na film L ipo kama kawaida kwa sababu hakuna a. Could, would, should zote L haipo, "kud, wud, shud". Salmon ni "samon", wale wa hotelini naomba hii muishike maana mgeni akiagiza "samon" usimwambie haipo wakati iko jikoni.

Halafu kuna ya kushika kichwani tu bila sheria: island ni "ailand", sword ni "sood", answer ni "aansa", muscle ni "maso", Wednesday ni "wenzdei", subtle ni "sato", debt ni "det", doubt ni "daut".

HATUA YA 4: Tafuta ndugu wa hilo neno.
Hii wanafunzi wangu wanaipenda kuliko zote. Herufi iliyokufa kwenye neno moja mara nyingi iko hai kwa ndugu yake. Sign g bubu, lakini signature g inasikika. Autumn n bubu, autumnal n imerudi. Condemn hakuna n, condemnation ipo. Bomb hakuna b ya mwisho, bombard ipo. Muscle c bubu, muscular c inasikika. Ukijua ndugu hutakosea spelling kwenye mtihani na hutakosea kutamka kwenye intavyuu, unapata vyote kwa mpigo mmoja.

HATUA YA 5: Kabla hujambishia mtu, hakikisha neno lenyewe halina matamshi mawili.
Ubishi mwingi wa maofisini wote wawili wako sahihi na hawajui. Often, kuna "ofn" na kuna "often" yenye t, kamusi kama Merriam-Webster zinayaweka yote mawili. Herb, Mwingereza anatamka h, Mmarekani haitamki. Almond wapo wanaotamka l na wapo wasioitamka. Kwenye maneno kama haya chagua moja ukae nalo, na mwenzako mwache na lake.

HATUA YA 6: Sikiliza kamusi, usisikilize kijiwe.
Ingia kamusi ya Cambridge mtandaoni, andika neno, kuna vialama viwili vya spika, kimoja cha Uingereza kingine cha Marekani, bonyeza usikie, kisha rudia kwa sauti mara kadhaa. Sio kimoyomoyo, kwa sauti, maana mdomo nao una mazoea yake.

Maswali karibuni.

SWALI: Mwalimu shukrani kwa somo. Sasa bosi wangu kila kikao anasema "offffTen" kwa mkazo kabisa na akikusikia unasema "ofn" anakurekebisha mbele za watu. Nifanyeje?
JIBU: Bosi wako hajakosea kutamka, anakosea kukurekebisha. Zamani t ilitamkwa, baadaye ikapotea kama ilivyopotea kwenye soften na listen, halafu watu wengi walipojua kusoma wakaiona kwenye maandishi wakaanza kuirudisha. Ukipata nafasi mkiwa wawili mwoneshe kamusi kwa heshima, mwambie mkuu nimeona zote mbili zipo. Mbele za watu usithubutu.

SWALI: Kwani Waingereza wanashindwa nini kuzitoa hizo herufi kama hazina kazi? Wanatutesa bure.
JIBU: Swali zuri mno na jibu lake refu. Nyingi zilikuwa na kazi. K ya knee ilitamkwa kweli, mpaka leo Mjerumani anaandika Knie na anaitamka k. William Caxton alileta mashine ya kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476, maandishi yakaanza kuganda wakati midomo inaendelea kubadilika, ndio maana unasoma matamshi ya watu waliokufa miaka mia kadhaa iliyopita.

Ila kuna zingine hazikuwahi kuwa na kazi kabisa, na hizi ndio zinanikera. Debt ilitoka Kifaransa, dette, haina b. Wasomi wakaona hapana, Kilatini ni debitum, wakaichomeka b kuonesha ukoo. Doubt hivyohivyo. Island waliweka s kwa kudhani inahusiana na isle, kumbe haihusiani. Could waliweka l ili ifanane na would na should. Na huu ubishi wetu sio mpya, Shakespeare kwenye tamthiliya ya Love's Labour's Lost iliyochapwa 1598 ameweka mwalimu anayelalamika kwamba watu hawatamki b ya debt na doubt. Zaidi ya miaka 400 na bado tunabishana neno lilelile.

Kuzitoa walijaribu. Mwaka 1906 rais Theodore Roosevelt wa Marekani aliagiza ofisi ya uchapaji ya serikali itumie maneno 300 yaliyorahisishwa, Bunge likakataa, ikaishia hapo.

SWALI: Mwanangu yuko darasa la tatu anasoma "k-naifu", nikimrekebisha analia anasema k ipo nimeiona. Nimwambieje?
JIBU: Mwambie ni kweli ipo na macho yake yako sawa dada, usimwambie amekosea kusoma. Kisha geuza utaratibu, asikie kwanza aone baadaye. Mkiwa jikoni shika kisu sema "naif", arudie, siku mbili tatu bila kuandika popote. Neno likishakaa mdomoni ndio umwoneshe maandishi, mwambie k hii ni ya kuandika tu, aizungushie duara kwa penseli. Watoto wangu wa nyumbani tuliziita herufi zilizolala na walikuwa wanazitafuta wenyewe kwenye vitabu.

SWALI: Mkuu mimi ni fundi simu, najifunza kwa video za Wamarekani, wanasema "sada" kila saa, kumbe ndio hiyo hiyo solder? Nilidhani ni kifaa kingine nikawa nakitafuta dukani.
JIBU: Ndio hiyo hiyo kaka. Mmarekani L haitamki kabisa, Mwingereza anaitamka, "solda". Ukinunua risasi ya kuchomelea kwa mwenye duka wa hapa mwambie solda, hatakuelewa hiyo nyingine.

SWALI: Leicester. Tunapigana kila wikendi banda umiza hapa kwetu.
JIBU: "Lesta". Tangu timu yao ichukue ubingwa wa ligi ya Uingereza 2016 mlipaswa muwe mmeshakubaliana, hahaha. Majina ya miji ya Uingereza usiyasome, yasikilize. Worcester ni "Wusta", Norwich ni "Norich", Greenwich ni "Grenich", Edinburgh inaisha na "bra". Na kwa Marekani, Arkansas ni "Akanso", bunge la jimbo lilikaa mwaka 1881 likapitisha azimio kwamba s ya mwisho haitamkwi, yaani mpaka wabunge walikaa kwa ajili ya herufi moja.

SWALI: Niko Bujumbura, sisi tumesoma kwa Kifaransa. H kwetu haitamkwi popote. Nikisema "otel" Watanzania wananicheka.
JIBU: Kifaransa kina herufi bubu zake na umeshazizoea, hiyo ni faida, depot, debris, ballet utazitamka vizuri kuliko sisi maana Kiingereza kimezichukua kwenu na t au s ya mwisho haitamkwi. Tatizo ni h peke yake. Kwenye Kiingereza kinyume chake, h ya mwanzo wa neno inatamkwa karibu kila mahali isipokuwa maneno machache, shika haya manne na ndugu zake: hour, honest, honour, heir. Mengine karibu yote yanayoanza na h itamke, hotel, house, hospital.

SWALI: Hapo kwenye hour, mtihani uliopita niliandika "a hour" nikakosa, mwalimu hakueleza kwa nini.
JIBU: Kwa sababu an na a zinafuata sauti, hazifuati herufi. Hour inaanza na sauti ya "a", "aua", kwa hiyo an hour, an honest man. University inaanza na herufi ya irabu lakini sauti ni "yu", kwa hiyo a university. Na MP inaanza na m lakini unasema "em-pii", ni an MP. Kila ukiandika, litamke neno kwanza kwa sauti ndogo ndio uchague.