Wewe ni wa sayansi na unatakiwa uchague kozi ya Arts? Soma hapa kwanza

Wadau wa PCM na PCB (michepuo ya sayansi), kila semista ikifunguliwa naulizwa kitu kilekile, "kaka, opsheno gani ya Arts ni ya mteremko?" Na mimi nilianza hivyohivyo, mwaka wa kwanza kwenye daladala ya Mwenge jamaa hata simjui vizuri akaniambia chukua falsafa, pale ni kupiga stori tu, nikachukua, nikala C. Kwenye esei yangu lekchara aliandika mstari mmoja tu, "hoja yako ni ipi?", na mimi nilikuwa nimejaza kurasa sita!

Sasa piga hesabu, si ndo kazi yetu. Kama chuoni kwenu A ni pointi 5 na C ni 2, kozi ya kredit 8 ukipata C badala ya A umeacha pointi 24 mezani, gawa kwa kredit 120 za mwaka unapata 0.2. Yaani mwaka ambao ungemaliza na 4.4 unamaliza na 4.2, fasti klasi (kama kwenu inaanzia 4.4) inakupungia mkono, kisa kozi uliyoiita ya kupumzikia.

Kwa hiyo usiulize nyepesi ni ipi, uliza wanapimaje. Tafuta autilaini ya kozi uone koswaki yake (maksi za kabla ya mtihani wa mwisho) ni esei, prezentesheni ya grupu au testi. Kama mara ya mwisho kuandika esei ni General Studies ya form six, mbili za esei semista moja usiguse. Ratiba nayo cheki mpaka semina, siyo lekcha tu, maana maabara ikikushika kuanzia saa nane mchana hutoki mapema.

Halafu, na hapa ndo watu wanapotezea, tafuta ile inayogusa fani yako. Mtu wa kemia au jiolojia akienda akiolojia anakuta mambo yake mle ndani: lile fuvu la Zinjanthropus, zamadamu alilolipata Mary Leakey kule Olduvai 1959, ule umri wa miaka milioni 1.75 hivi ulitokana na kupima potasiamu na agoni kwenye majivu ya volkano, kaboni 14 isingefua dafu kwa sababu kila miaka 5,730 inabaki nusu na ikifika kama elfu hamsini hakuna cha maana cha kupima. Wenzako wa HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) watakuwa wanakuomba uwaelezee, na wewe unawaomba wakuoneshe esei inaanzaje, ngoma droo. Wa kompyuta chukua isimu ya Kiswahili, programu ikiandika "kitabu mzuri" ujue aliyeitengeneza ngeli hazijui. Au mantiki, zile "na", "au", "kama... basi" unazijua tayari (hii ni falsafa pia, ila siyo ile iliyoninyoosha mimi).

Ukibaki na mbili tatu, ingia lekcha zake wiki ya kwanza kabla hujasajili, kaa nyuma usikilize, kisha mtafute CR (mwakilishi wa darasa) wao akupe mitihani ya nyuma. Swali likisema "jadili" jiulize ungejibu nini kwa sentensi moja, ukikosa hiyo sentensi kwenye maswali yote basi hamia nyingine.

Na usajili usingoje siku ya mwisho, mfumo unagoma kila mwaka. Sajili usiku watu wamelala, piga skrinshoti, itunze mpaka matokeo yatoke.